Kwa nini mtu wa kiti mwendo bado anabebwa mgongoni kwenye stesheni zetu za zamani?

#1 Mwanagerezani (mleta mada)

Habari za leo wakuu.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza mjomba wangu, ambaye anatumia kiti mwendo tangu alipopata kiharusi, kupanda treni ya safari ndefu ya bara katika stesheni moja ya zamani ambayo kwa makusudi siitaji. Mlango wa jengo tuliupita bila shida, kwa kuwa kuna mtu aliyewahi kumwaga zege na kutengeneza mteremko mdogo. Dirisha la tiketi lilikuwa juu ya kichwa chake, nikamkatia mimi. Kazi ilianza jukwaani. Kutoka pale hadi sakafu ya behewa kuna ngazi tatu za chuma zilizosimama karibu wima, na mlango wenyewe haupitishi kiti chake. Vijana wawili wachukuzi walijitolea, mmoja akachuchumaa na kumbeba mgongoni, mwingine akamsukuma kutoka nyuma, naye mjomba aking'ang'ania chuma cha pembeni mwa mlango hadi mkono wa kanzu yake ukatoka na grisi nyeusi. Vikanyagio vya kiti vilisahaulika jukwaani, nikavipitisha dirishani treni ikiwa imeshaanza kutembea.

Mjomba alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka 22. Pale stesheni hakusema neno. Usiku aliniambia kwa simu kwamba hakuwa amekunywa maji tangu asubuhi, maana alijua mlango wa choo cha behewa hautampitisha.

Swali langu ni hili: kikwazo hasa kiko wapi? Ni majengo ya zamani, ni mabehewa, ni fedha, au ni sheria isiyosimamiwa? Naomba wanaoyajua mambo ya reli wanieleweshe.

#2 Bibi wa Temeke

Pole sana mwanangu, na umpe pole mjomba. Hilo la kutokunywa maji nalifahamu. Marehemu mume wangu alisafiri hivyo hivyo miaka sita.

#3 Mpiga Chapa Kariakoo

Mimi nadhani chanzo ni umri wa majengo. Stesheni ya Reli ya Kati hapa mjini ilijengwa na Wajerumani mwaka 1905, TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, ikafunguliwa mwaka 1970, na enzi hizo hakuna aliyefikiria kiti mwendo. Ukitaka kuona tofauti, vuka upande wa pili uingie stesheni mpya ya SGR, reli ya kisasa, ambako kuna lifti na ngazi za umeme. Majengo ya zamani ni urithi na hayaguswi ovyo, kwa hiyo dawa ni kuhamia kwenye mapya.

#4 Kokoto_70

Mpiga Chapa, nakusahihisha kwa heshima. Mwaka 1905 ndipo ujenzi wa njia ya reli ulipoanzia hapa Dar es Salaam. Reli ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. TAZARA nayo mwaka 1970 ndiyo ilikuwa inaanza kujengwa, na ujenzi ulikamilika mwaka 1975, kilomita 1,860 hadi New Kapiri Mposhi kule Zambia.

Sasa niende kwenye swali, kwa kuwa nimefanya kazi kwenye genge la matengenezo ya njia kwa miaka mingi. Mnalitazama jengo, lakini mleta mada ameshasema jengo alilipita. Shida iko kwenye mita moja ya mwisho, kati ya jukwaa na behewa, na mita hiyo ina historia yake. Majukwaa ya zamani yalijengwa chini tangu mwanzo, kwa sababu behewa lilikuja na ngazi zake lenyewe, na mwenye miguu mizima alipanda hata mahali pasipo na jukwaa kabisa, ilimradi treni imesimama. Halafu kuna jambo ambalo abiria halioni. Kila tunaposawazisha njia tunainyanyua reli kidogo na kushindilia kokoto chini ya mataruma. Leo unainua sentimita mbili, baada ya miaka kadhaa nyingine mbili, na jukwaa haliendi popote. Reli inapanda pamoja na behewa lake, jukwaa linabaki pale pale. Ngazi ambayo babu yako aliikanyaga kwa hatua ya kawaida, wewe leo unainua goti hadi kiunoni.

#5 Mpiga Chapa Kariakoo

Nashukuru kwa sahihisho la miaka, mzee wangu. Hili la reli kupanda nilikuwa silijui kabisa.

#6 Msasani77

Mimi naona sababu ni ufinyu wa reli yenyewe. Reli ya Kati ya zamani ina upana wa milimita 1,000, TAZARA milimita 1,067, ilhali SGR ina 1,435. Reli nyembamba huzaa behewa jembamba, na behewa jembamba huzaa mlango na choo visivyopitisha kiti mwendo. Hapo hakuna ujanja, ni kusubiri reli mpya ienee nchi nzima.

#7 Fundi Mtoni

Msasani77, hoja hiyo inavutia lakini haisimami. Njia nyingi za treni za Japani zina upana wa milimita 1,067, sawasawa kabisa na TAZARA, na huko mtu wa kiti mwendo anaingia kwenye behewa kwa kibao kifupi ambacho mtumishi wa stesheni anakitandika kwa sekunde chache. Siri yao ni urefu wa jukwaa kwenda juu. Wameliinua hadi likakaribia sakafu ya behewa, na mlango wamekata mpana. Upana wa reli na upana wa mlango ni mambo mawili tofauti.

Mimi ni fundi wa kuchomelea na nimewahi kuombwa nitengeneze rampu ya kubeba kwa ajili ya stesheni moja ya mkoani. Nilikwenda na futi kamba. Kutoka sakafu ya jukwaa hadi sakafu ya behewa nilipata sentimita 78. Kanuni inayotumika sana katika ujenzi ni kwamba kila sentimita moja ya kupanda inahitaji sentimita 12 za kwenda mbele, kwa hiyo 78 mara 12 ni sentimita 936. Hiyo ni rampu ya zaidi ya mita tisa, na jukwaa lenyewe halikuwa na upana wa mita tano. Ningetengeneza ya mita tatu ambayo watu wawili wanaweza kuibeba, mteremko wake ungekuwa karibu moja kwa nne. Anayesukuma angeteleza, kiti kingerudi nyuma pamoja na mgonjwa. Nilikataa kazi, na fedha niliihitaji.

#8 Wakili Kijana

Nawasalimu wote.

Niongeze upande wa sheria, kwa kuwa mleta mada ameuliza. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010. Ibara ya 9 ya mkataba inazungumzia moja kwa moja usafiri na majengo ya umma, na inadai vikwazo vitambuliwe na kuondolewa. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba ilifafanua kwamba kila kipya kijengwe kikiwa kinafikika tangu siku ya kwanza, na vya zamani virekebishwe hatua kwa hatua, kwa mpango wenye muda maalumu na fedha zilizotengwa. Hivyo mtu akisema "stesheni hii ni ya zamani", hajajibu swali. Uzamani unampa nafasi ya kupanga hatua zake, haumwondolei wajibu.

#9 Mpiga Chapa Kariakoo

Wakili, lakini hayo ni ya nchi zenye fedha. Nimesoma kwamba London wamemaliza stesheni zote, ila wao wana uwezo ambao sisi hatuna.

#10 Wakili Kijana

Hawajamaliza, ndugu yangu. Reli ya chini ya ardhi ya London ilianza mwaka 1863, ina stesheni 272, na zile ambazo mtu anaweza kutoka barabarani hadi jukwaani bila kukanyaga ngazi ni takriban theluthi moja tu. New York wana stesheni 472, na mwaka 2022 walifikia makubaliano, baada ya kushtakiwa, kwamba asilimia 95 ya stesheni zao ziwe zinafikika ifikapo mwaka 2055. Ni muda mrefu mno kwa mtu anayetaka kusafiri leo, lakini kuna tarehe iliyoandikwa na mtu anaweza kuishika na kuidai. Mimi ningefurahi hata kama sisi tungekuwa na tarehe ya mbali, mradi iwe imeandikwa.

#11 Kofia Pana

Naomba msisahau kwamba ulemavu si kiti mwendo peke yake. Mimi nina ualbino na macho yangu ni ya uoni hafifu. Katika stesheni ninayoitumia, ratiba imebandikwa nyuma ya kioo, juu, maandishi madogo ya kalamu ya bluu kwenye karatasi nyeupe, na saa nne asubuhi jua linapiga kile kioo hadi sioni kitu isipokuwa mng'ao. Ninalazimika kumuuliza mtu. Wengine hunijibu vizuri, wengine hunitazama kwanza. Kurekebisha hili hakuhitaji kuvunja ukuta wa Mjerumani. Kunahitaji karatasi kubwa, herufi nene nyeusi, na kuishusha hadi usawa wa macho mahali penye kivuli.

#12 Fimbo Nyeupe

Ninaandika kwa kutumia programu inayonisomea skrini, mnisamehe makosa ya herufi.

Mimi sioni kabisa. Kwangu ngazi tatu za Mwanagerezani si tatizo, kwa kuwa nikishaushika mkono wa chuma napanda mwenyewe. Hofu yangu ni ukingo wa jukwaa. Simenti ya jukwaa la zamani ni ile ile kuanzia ukutani hadi inapokatikia, na fimbo haipati tofauti yoyote mpaka ishike hewa. Mimi huhesabu hatua: kutoka nguzo ya pili ni hatua kumi na moja hadi ukingoni, nami husimama kwenye ya saba. Siku moja walikuwa wamepanga magunia ya vitunguu, nikayazunguka, hesabu ikapotea, nikasimama palepale kama mti hadi mama mmoja muuza maji akanishika kiwiko na kuniambia, "Kaka, rudi nyuma, umefika mwisho."

Wajapani walilitatua jambo hili kwa vigae. Seiichi Miyake alibuni vigae vyenye vinundu vinavyosikika mguuni mwaka 1965, vikatandikwa kwa mara ya kwanza barabarani katika mji wa Okayama mwaka 1967, na sasa viko kwenye majukwaa ya treni duniani kote. Ni mstari mmoja tu wa vigae. Wala havijali kama jukwaa ni la mwaka gani.

#13 Bibi wa Temeke

Mwanangu Fimbo Nyeupe, nimesoma hapo kwenye hatua ya saba na mwili umenisisimka. Mungu akulinde.

#14 Mtabora

Nakubaliana na Kofia Pana na Fimbo Nyeupe, na naongeza kiziwi. Mdogo wangu hasikii. Treni ikichelewa au ikihamishiwa njia nyingine, tangazo linatoka kwenye kipaza sauti peke yake. Yeye anaona watu wanainuka na mabegi yao, basi naye anainuka. Amewahi kuwafuata watu waliokuwa wanakwenda kununua chai.

Lakini nirudi kwa Kokoto_70, kwa sababu kuna kikwazo kingine hajakigusa. Stesheni nyingi za zamani hazina daraja wala njia ya chini, na ukitaka jukwaa la pili unavuka juu ya reli. Gurudumu dogo la mbele la kiti mwendo linatumbukia katika ule mwanya wa kando ya reli, na kiti kinakwama palepale katikati ya njia. Nimelishuhudia jambo hilo kwa macho yangu, tukakinyanyua kiti watu wanne pamoja na mwenyewe.

#15 Kokoto_70

Mtabora umenikumbusha jambo muhimu. Ule mwanya ni lazima uwepo, kwa sababu ukingo wa gurudumu la treni unapita hapo. Kinachoweza kufanyika ni kuhakikisha mbao au zege la kivukio limelingana na kichwa cha reli, yaani uso wake wa juu, mwanya ubaki mwembamba kadiri inavyoruhusiwa, na kivukio kikate reli kwa pembe mraba, kwa kuwa kikiwa mshazari gurudumu lazima linase. Mbao za kivukio zikioza zinabaki hivyo hivyo muda mrefu, maana magari hayapiti hapo na hakuna anayelalamika.

Na kuhusu kuinua majukwaa, msidhani ni kumwaga zege tu. Kwenye njia zinazopitisha mizigo, ukiliinua jukwaa bila kupima, mabehewa mapana ya mizigo yatalikwangua. Mimi naona hii ndiyo sababu kuu inayowafanya wahandisi wasite, kuliko hata fedha.

#16 Msasani77

Mzee Kokoto, basi tumerudi kwenye hoja yangu kwamba reli ya zamani haina ujanja?

#17 Fundi Mtoni

Hapana, ujanja upo, na ninaomba mnivumilie kwa hesabu nyingine. Huko Uingereza kuna stesheni ndogo inayoitwa Harrington, kaskazini-magharibi, ambako jukwaa lilikuwa la chini na fedha ya kuliinua lote haikuwepo. Mwaka 2008 waliinua kipande kifupi tu cha jukwaa kama kinundu, mahali mlango wa treni unaposimama, wakakiwekea mteremko. Njia hiyo imeshasambaa hadi stesheni nyingine nyingi kule.

Chukueni zile sentimita 78 zangu. Ukiinua kipande cha jukwaa kwa sentimita 46, mteremko wa kukifikia ni mita tano na nusu, nao unalala kwa urefu wa jukwaa, kwa hiyo upana hautuzuii. Zinabaki sentimita 32. Hizo unazimaliza kwa rampu ya kubeba ya mita mbili na nusu, yenye mteremko wa moja kwa nane, akiwepo mtumishi wa kusaidia. Hiyo ningekubali kuitengeneza. Kuhusu mizigo, mzee Kokoto ana haki: kipande hicho lazima kikae umbali unaoruhusu behewa pana zaidi kupita, na pengo linalobaki kati yake na mlango linazibwa na rampu ile ile.

#18 Mama Tausi

Fundi, hesabu zako hata mimi niliyekimbia namba shuleni nimezielewa.

Ila mnazungumza kana kwamba safari inaanzia stesheni. Mwanangu ana miaka 14 na anatumia kiti mwendo. Kutoka nyumbani kwetu hadi stesheni kuna mtaro usio na mfuniko, mchanga, na pikipiki zimeegeshwa juu ya njia ya waenda kwa miguu. Vituo vya Mwendokasi vilivyoanza kazi mwaka 2016 vimeinuliwa hadi usawa wa sakafu ya basi, na mwanangu akishafika pale anaingia mwenyewe bila kushikwa na mtu. Mara ya kwanza alipofanya hivyo aliniomba tushuke kituo kinachofuata ili apande tena. Lakini kukifikia kituo ndiko kunakotuchosha. Mkijenga kinundu kama cha Harrington na mtaro ukabaki wazi nje ya geti, mtakuwa mmemjengea nani?

#19 Mpiga Chapa Kariakoo

Mama Tausi, hapo umenigusa. Naondoa kauli yangu kwamba tuhamie kwenye mapya tu, maana hata jipya linafikiwa kwa barabara ya zamani. Hata hivyo bado nina wasiwasi na majengo ya urithi. Tukiruhusu kila mtu abomoe kwa jina la rampu, tutabaki na nini cha kuwaonyesha wajukuu?

#20 Fimbo Nyeupe

Mpiga Chapa, nakuheshimu, lakini jiulize ni mjukuu yupi unayemzungumzia. Mimi jengo hilo nimeligusa kwa mikono, nguzo kwa nguzo, na ninalipenda kuliko wengi wanaolipiga picha. Ninachoomba ni mstari wa vigae ukingoni.

#21 Mtabora

Mimi nadhani wote mnaikwepa sababu iliyo wazi zaidi, nayo ni kwamba wachukuzi wapo. Maadamu kuna vijana wenye migongo imara na huruma, mkuu wa stesheni haoni dharura yoyote. Abiria amepanda, treni imeondoka kwa wakati, na kitabuni hakuna tatizo lililoandikwa. Huruma ya wale vijana ndiyo inayouficha ubovu.

#22 Wakili Kijana

Mtabora, siafiki moja kwa moja. Wale vijana ndio pekee waliotimiza wajibu siku ile. Ningesema tatizo ni kutokuwepo kwa kumbukumbu: kila anayebebwa aandikwe, tarehe, treni na mlango, nakala iende kwa mdhibiti wa usafiri wa ardhini. Hapo ndipo mtu anapoweza kudai.

#23 Mwanagerezani

Ahsanteni sana wakuu. Jana usiku nilimsomea mjomba uzi huu kwa simu, wote, kuanzia mwanzo. Alicheka kwa furaha aliposikia habari ya mtoto wa Mama Tausi kutaka kupanda tena. Alipofika kwa Mtabora na Wakili alinyamaza, kisha akasema kwamba wote wawili wanasema kweli, na kwamba yule kijana aliyembeba alimwomba radhi kwa kumshika vibaya, jambo ambalo mimi sikulisikia pale.

Alikuwa na swali moja kwa Fundi na Mzee Kokoto. Kinundu kikishajengwa, dereva atajuaje kusimamisha mlango ule ule mbele yake kila siku, ikiwa idadi ya mabehewa inabadilika?

#24 Kokoto_70

Mwambie mwalimu mkuu swali lake ni la mtu aliyekuwa anasahihisha mitihani. Kunahitajika kibao cha kusimamia kilichokitwa kando ya njia, na behewa lenye mlango mpana na choo kipana lipangwe nafasi ile ile kila siku, kwa mfano la pili kutoka kwenye kichwa cha treni. Hapo idadi ya yaliyo nyuma haina athari. Lakini wanaopanga mabehewa yadi ni idara nyingine na wanaotunza jukwaa ni nyingine. Kwa uzoefu wangu, hapo ndipo jambo kama hili hufia.

#25 Mwanagerezani

Nitamfikishia. Anarudi Alhamisi, na nitakuwa jukwaani kabla treni haijaingia. Fundi Mtoni, naomba uniandikie vipimo vya kuchukua, nitakwenda na futi kamba.

#26 Fundi Mtoni

Chukua hivi: kutoka kichwa cha reli hadi sakafu ya jukwaa, kutoka jukwaani hadi kila ngazi na hadi sakafu ya behewa, pengo kati ya ukingo wa jukwaa na ngazi ya kwanza, upana wa mlango wa behewa ukiwa wazi kabisa, na upana wa mlango wa choo. Jukwaa lipime upana sehemu mbili, penye nguzo na pasipo na nguzo. Na kipime pia kiti cha mjomba, kutoka nje ya gurudumu hadi nje ya gurudumu, yeye akiwa amekaa.